Siku Moja Unguja Mjini: Usiishie Darajani

Ndugu msikilizaji, mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuuona mji mkuu wa kale hana haja ya kupanda ndege kwenda Cairo wala Istanbul. Anapanda boti asubuhi, na kabla jua halijawa kali yuko Unguja. Wengi wetu tumekwenda kule harusini, mazikoni na madukani. Lakini kwenda kuutazama mji ule kama mji mkuu, mahali ambapo mambo ya mwambao huu yalikatwa, hilo tumewaachia wageni wenye kofia pana na kamera. Tunasahau kwamba hata huu mji wetu wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani wa kule, Seyyid Majid, katika miaka ya 1860.

Mwezi uliopita niliitoa siku nzima kwa kazi hiyo. Kijana aliyenitembeza alinipokea bandarini, akanipa shikamoo, kisha akanipangia safari. "Mzee, tutaanzia Forodhani, tutamalizia Darajani. Huo ndio mji wote." Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niketi mbele ya kipaza sauti leo.

Forodhani, kama jina linavyosema, ndipo ushuru ulipotozwa. Kufikia mwaka 1840 Seyyid Said bin Sultan alikuwa ameyahamishia makao yake hapa kutoka Maskati. Si jambo dogo mtawala kuuacha mji wa baba zake na kuja kukaa kisiwani, mwendo wa majuma kadhaa kwa jahazi. Alifuata biashara: pembe za ndovu, watumwa na karafuu. Na karafuu yenyewe ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, na ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said aliihimiza kwa nguvu, na mashamba yale yalipandwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika uongozi. Zile nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, ambazo mgeni huzipiga picha akasema ni nzuri, na kweli ni nzuri, zimesimama juu ya biashara hiyo.

Ngome Kongwe tuliipita haraka. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno.

Beit al-Ajaib ndipo niliposimama kwa muda mrefu. Sultani Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883, na ikawa nyumba ya kwanza mjini kuwaka taa za umeme. Ndiye pia aliyeuletea mji maji safi ya mferejini kutoka chemchemi za nje. Lakini mbele ya nyumba hiyo ndipo ilipoonekana thamani ya kiti cha Sultani baada ya Waingereza kuifanya Zanzibar nchi lindwa mwaka 1890. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini yao. Wakampa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipopita manowari zikafyatua mizinga, na kabla ya saa nne kasri lilikuwa kifusi. Watu wa Khalid wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kwa upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akaletwa hapa Dar es Salaam, akaishi hapa hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Beit al-Ajaib yenyewe iliokoka siku ile ya mizinga. Haikuokoka wakati. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Dunia nzima ilisikitika, kwani Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Mchana tuliingia mkahawa mdogo wa uchochoroni, tukala pilau ya nyama na kachumbari, tukashushia maji ya ukwaju. Nilipoing'ata karafuu katikati ya wali nilimwambia kijana kwamba hiyo ndiyo historia ya asubuhi nzima imenirudia mdomoni. Akacheka. Kwake karafuu ni kiungo tu, na sikumlaumu.

Kutoka hapo tulikwenda Mkunazini, lilipo kanisa kuu la Waanglikana. Palikuwa soko la watumwa, likafungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash aliutia sahihi kwa shinikizo la Waingereza. Biashara ya sokoni ilikoma. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi mwaka 1897. Ujenzi wa kanisa ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, bingwa yule aliyeandika juu ya sarufi ya Kiswahili cha Unguja. Na tusipite haraka hapa, ndugu msikilizaji. Kiswahili sanifu, hiki hiki ninachokisema sasa redioni, kimejengwa juu ya lahaja ya mji ule. Utawala wa masultani umekwisha. Amri ya mji ule juu ya ndimi zetu ingali ipo.

Tukafika Darajani. Kijana akasimama. "Mzee, tumemaliza." Nikamwonyesha ng'ambo ya barabara: na kule? "Kule ni Ng'ambo tu, mzee. Hakuna kitu."

Nikamwuliza yeye anakaa wapi. Akasema Kikwajuni. Yaani huko huko Ng'ambo!

Zamani kulikuwa na mkono wa bahari hapo, na daraja juu yake. Mkono umefukiwa, jina limebaki. Upande wa huku walikaa wenye mali na wenye amri. Upande wa pili, katika nyumba za udongo na makuti, walikaa wapagazi, mafundi, wachukuzi wa bandarini, wachuuzi, na wengi waliotoka utumwani. Wale ndio walioubeba mji mkuu mabegani kila asubuhi na kurudi makwao jioni. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja walivyojenga juu yake, na serikali ikatikisika. Na yale maghorofa marefu ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa katika utawala wa Mzee Abeid Amani Karume, yamesimama Ng'ambo kwa makusudi: baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilitakiwa ionekane kwamba mambo yamegeuka. Sasa kama hapo hakuna kitu, kitu kiko wapi?

Tukavuka, tukaketi kwenye benchi la mama mmoja muuza urojo. Bakuli lile ni ramani kamili. Bhajia na kachori zimetoka Bara Hindi. Viazi, mhogo na pilipili asili yake ni Amerika, vikavushwa bahari. Embe, ndimu na nazi ni za Asia. Nimekula chakula cha bei mara kumi katika mahoteli ya huu upande wa mawe, na sikuona kilichouzidi.

Hapo nikamsimulia kijana habari za Siti binti Saad. Taarabu ilianzia kasri la Barghash, ikiimbwa kwa Kiarabu kwa ajili ya wakubwa. Siti, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, aliingia mjini akiuza vyungu. Akaishi Ng'ambo, akaiimba taarabu kwa Kiswahili, akitia ndani kesi za mahakamani na dhuluma za wenye nguvu. Mwaka 1928, mwaka ule ule wa mgomo wa kodi, alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti ya Ng'ambo ikasikika mwambao mzima.

Kijana alisikiliza, kijiko kikiwa mkononi. Kisha akasema bibi yake anaziimba nyimbo za Siti jikoni, ila hajapata kumwuliza zinahusu nini. Kikwajuni ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu, na jua lilikuwa bado lipo. Tukaenda.