Nchi ya Waingereza na Tabia Yao

Watu wengi wanaposimulia habari za mataifa hupenda kuzimaliza kwa neno moja: taifa hili ni shujaa, lile ni la hila, lile ni vivu. Ndivyo zilivyo na habari za Waingereza. Wako wasemao kwamba ni watu wapendao sheria, wavumilivu, wasiopayuka ovyo. Na wako wasemao kwamba ni wenye kiburi na tamaa ya nchi za watu. Sisi ambao nchi zetu zilitawaliwa nao tumezisikia habari hizi mbili, na kila upande una mashahidi wake. Lakini wahenga walisema, Usione vyaelea, vimeundwa. Tabia ya taifa nayo imeundwa, tena kwa muda mrefu. Basi na tuwatazame waundaji wake.

Muundaji wa kwanza ni nchi yenyewe. Hapo kale Britania haikuwa kisiwa. Mtu aliweza kwenda huko kwa miguu kutoka bara la Ulaya, mpaka yapata miaka 8,000 iliyopita, bahari ilipopanda na kuifunika nchi ya bondeni iliyokuwa katikati. Sasa mlango wa bahari wa Dover una upana wa maili 21 tu. Siku ya anga safi aliye upande mmoja huyaona magenge ya upande wa pili. Na ndani ya kisiwa hapana mahali palipo mbali na bahari kuzidi maili 70 hivi. Nchi iko kaskazini sana, walakini maji ya uvuguvugu yatokayo magharibi huizuia isigande kama nchi nyingine zilizo sawa nayo. Mwezi wa Desemba jua la London huchwa kabla ya saa kumi jioni. Mwezi wa Juni huchwa baada ya saa tatu usiku. Mkulima wa nchi kama hiyo hana budi kuweka akiba ya chakula, na majani makavu ya ng'ombe, na kuni za majira ya baridi. Asiyejiwekea huona taabu.

Muundaji wa pili ni wageni. Wako wanaodhani kwamba Waingereza ni damu moja tangu mwanzo, lakini sivyo. Julius Kaisari alivuka na majeshi ya Rumi mwaka 55 kabla ya Kristo, na tena mwaka uliofuata, akarudi. Mwaka 43 baada ya Kristo Warumi walikuja kutawala, wakakaa mpaka karibu na mwaka 410. Walijenga barabara na miji, na kaskazini ukuta mrefu wa Kaisari Hadrian. Walipoondoka walikuja Waangli na Wasaksoni kutoka pande za Ujerumani na Denmark, na kutoka kwao lilipatikana jina la Waingereza na asili ya lugha yao. Kisha Waviking walianza kupora pwani. Mwaka 793 waliivunja nyumba ya watawa ya Lindisfarne. Mwisho, mwaka 1066, William wa Normandy aliishinda nchi, na kwa muda mrefu wakubwa walisema Kifaransa na wadogo Kiingereza. Maneno ya lugha hizo mbili yakachanganyika, kama Kiswahili chetu kilivyopokea maneno ya Kiarabu kisiache kuwa Kiswahili.

Hapa pana jambo ambalo vijana wetu wa shule hushangaa kulisikia. Waingereza wenyewe waliuzwa. Bede, mtawa aliyemaliza kuandika historia ya kanisa lao mwaka 731, asimulia masimulizi ya kale ya kwamba Gregori, kabla hajawa Papa, aliwaona vijana wa Kiangli wakiuzwa sokoni Rumi, akawahurumia. Tujualo kwa hakika ni kwamba Gregori alimtuma Augustino, naye akafika Kent mwaka 597. Baadaye, mfalme William alipoandikisha mali zote za nchi mwaka 1086, yapata mtu mmoja katika kila kumi walioandikwa alikuwa mtumwa. Askofu Wulfstan wa Worcester aliwahubiri watu wa Bristol waache kupeleka watumwa Ireland, na mwaka 1102 baraza la kanisa London lilikataza kuwauza watu kama wanyama.

Muundaji wa tatu ni ugomvi wao na wafalme wao. Husemwa kwamba Mwingereza huzaliwa na utii wa sheria. Lakini historia yaonyesha watu wakaidi. Mwaka 1215 wakubwa walimlazimisha mfalme John kuutia muhuri mkataba wa kwamba mtu huru asifungwe ila kwa hukumu ya halali. Mwaka 1381 wakulima waliingia London kwa hasira ya kodi. Mwaka 1649 walimkata kichwa mfalme Charles wa Kwanza. Bahari ilikuwa boma lao, wakategemea merikebu kuliko majeshi ya nchi kavu. Kwa hiyo mfalme hakuwa na askari wengi wa kuwaonea raia, na alipotaka fedha alilazimika kuliomba Bunge. Hata hivyo, wanawake hawakupata kura sawa na wanaume mpaka mwaka 1928. Sheria wanayosifiwa kuipenda ilidaiwa hatua kwa hatua.

Muundaji wa nne ni biashara. Boma lile la bahari lilikuwa pia njia. Merikebu za Waingereza zilichukua zaidi ya Waafrika milioni tatu na kuwavusha bahari ya Atlantiki utumwani, na Bristol ile ile, pamoja na Liverpool, ilipata utajiri. Walikuwa na mkataba wa mwaka 1215 kabatini, na minyororo melini. Mwaka 1807 Bunge lilikataza biashara hiyo, na mwaka 1833 lilitunga sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yao mengi. Lakini paundi milioni 20 zilizotolewa kuwa fidia walipewa mabwana, na waliokuwa watumwa hawakupewa kitu. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alilifunga soko la watumwa la Unguja, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu. Mwenye kusimulia habari ya Unguja akaiacha ile ya Liverpool hakusema kweli, wala mwenye kusimulia ya Liverpool akaiacha ya Unguja.

Tena tusisahau kwamba Waingereza si taifa peke yao katika visiwa vile. Wales iliunganishwa nao kwa sheria mwaka 1536, Uskoti mwaka 1707, na Ireland mwaka 1801. Livingstone, ambaye wengi humwita Mwingereza, alikuwa Mskoti. Na watu wa Ireland walipopatwa na njaa kuu tangu mwaka 1845, yapata milioni moja wakafa, waliona ya kuwa wanayo serikali moja na Waingereza bila kuwa na huruma moja. Mwaka 1922 sehemu kubwa ya Ireland ilijitenga ikajitawala.

Basi twajifunza nini? Kwanza, tabia ya taifa haimo katika damu. Watu wale wale waliuzwa, wakauza, kisha wakakataza kuuza. Tulipoambiwa zamani kwamba Mwafrika kwa asili yake hawezi kujitawala, jibu lilikuwamo katika kitabu kile kile cha historia ya Uingereza tulichosomeshwa. Wazee wetu walipodai uhuru, Tanganyika ikaupata mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, walidai lile lile ambalo raia wa Uingereza walilidai kwa wafalme wao: tusitawaliwe bila ridhaa yetu, tusifungwe bila hukumu.

Pili, jambo hili latugusa sisi wenyewe. Ikiwa tabia huundwa, nasi twaunda yetu sasa, kwa namna tunavyogawa haki mahakamani, tunavyomtendea jirani wa kabila jingine, na tunavyowafundisha watoto kusema kweli. Watakaokuja baadaye wataona chombo kikielea, nao watauliza ni nani walioipiga misumari yake. Na tuipige vema.