Mgeni, Mwenyeji na Jembe: Pareto na Nduguze Afrika ya Mashariki

Apitaye katika konde lililoachwa bila kulimwa, popote kati ya Pwani na Maziwa Makuu, hutoka na mbegu nyembamba nyeusi zimemganda kwenye pindo la nguo. Waswahili waliuita mmea huo kishona nguo, na jina hilo limekaa mahali pake hata wachache ndio wanaoshuku asili ya mwenye jina. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Kila mbegu ina vichomo viwili au vitatu vyenye vimiba vinavyoelekea nyuma, nayo husafiri kwa manyoya ya mifugo, kwa magunia na kwa nguo za watu. Hakuna aliyekialika kishona nguo. Hata hivyo, majani yake machanga yaliingia chunguni, na leo katika nyumba nyingi za bara huhesabiwa kuwa mboga ya kienyeji, sawa na mchunga, ambao ni mwenyeji kweli na ambao Wamijikenda huupika pamoja na uchungu wake.

Mimea hii miwili ni ya jamii ya alizeti, ile ambayo kinachoonekana kuwa ua moja ni mkusanyiko wa maua madogo mengi juu ya kitako kimoja. Alizeti yenyewe ni ya Amerika ya Kaskazini. Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na alizeti imeitii: Singida na Dodoma zimeipa ardhi kavu nayo imezipa mafuta. Lakini methali hiyo hudhani kwamba mwenyeji ndiye mwenye shamba na ndiye mwenye kuamua nani ashike jembe. Katika historia ya jamii hii ya mimea, dhana hiyo haikusimama daima.

Ipo mimea iliyokuwapo kabla ya hesabu zote hizi. Katika milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, Watongwe huuita mmoja wao mjonso, nao ni mchungu kuliko mchunga. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa akiwafuata sokwe pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa dawa za miti. Sokwe jike aliyeitwa Chausiku alikuwa mgonjwa, hana nguvu. Walimwona akivunja chipukizi za mjonso, akimenya ganda na kunyonya utomvu wa ndani, kisha akitema nyuzinyuzi. Kalunde ndiye aliyemweleza mgeni wake kwamba kwa watu wake mti ule ni dawa ya tumbo na homa. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nafuu. Makala iliyotoka mwaka 1989, ambayo leo hutajwa kila palipo na mjadala wa wanyama kujitibu, ilibeba majina ya wote wawili. Jambo hili lingepaswa kuwa la kawaida. Si la kawaida, na pareto ndiyo ushahidi.

Neno pareto ni jina la Kilatini pyrethrum lililolainishwa na ndimi za wasemaji. Ua lenyewe, jeupe lenye kiini cha njano, ni la Dalmatia, pwani ya mashariki ya bahari ya Adriatiki. Vichwa vyake vikikaushwa na kusagwa hutoa sumu inayoangusha wadudu upesi kisha ikavunjika juani, na kwa mwanadamu haina ukali mkubwa. Mbegu zilifika Kenya mwaka 1928. Nyanda za juu, kama Molo na Kinangop, zilikuwa na baridi ambayo pareto huihitaji ili ichanue. Zilikuwa pia mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Sheria ya mwaka 1918 ilikuwa imekwisha kumlazimisha Mwafrika anayekaa katika shamba la mlowezi amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hapo methali iligeuzwa kichwa chini: mgeni alipata shamba, mwenyeji akapewa jembe.

Pareto haivunwi mara moja. Maua hukomaa kwa zamu, hivyo mchumaji hurudi kwenye mstari uleule kila baada ya wiki mbili au tatu, akichuma kichwa kimoja kimoja kwa vidole. Kazi hiyo iliwaangukia zaidi wanawake na watoto. Kabla ya Vita Kuu ya Pili muuzaji mkubwa wa pareto duniani alikuwa Japani. Ilipoingia vitani mwaka 1941, Uingereza na Marekani ziligeukia Kenya. Majeshi yalihitaji dawa ya mbu na unga wa chawa. Historia za vita huhesabu meli na mizinga. Vikapu vya maua ya Molo hazivihesabu, na vidole vilivyovijaza havina majina.

Mwafrika alifunguliwa njia pana ya kulima pareto kwa faida yake baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliobuniwa katikati ya vita vya Mau Mau, tena kwa nia ya kuituliza nchi. Baada ya uhuru wakulima wadogo, wengi wao wakiwa katika vyama vya ushirika, ndio waliolibeba zao hili, Kisii ikiwa miongoni mwa ngome zake. Kwa miaka mingi Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia, ikisindikwa Nakuru. Kwa muda huo, angalau, aliyeshika jembe na mwenye shamba walikuwa mtu mmoja.

Kisha malipo yakaanza kuchelewa. Mwanzoni mwa karne hii kuna waliosubiri fedha za maua yao kwa miaka, hata wengi wakaing'oa mimea na kupanda viazi. Viwanda vya kemikali navyo vilikuwa vimekwisha kuiga umbo la sumu ya pareto, na mwigo huo ndio uliopakwa vyandarua ambavyo familia za Afrika ya Mashariki hulalia. Sehemu kubwa ya soko la ua halisi ilihamia Tasmania, kisiwa cha Australia, ambako pareto huvunwa kwa mashine.