Kikapu, debe na rambo: vibebeo vya sokoni katika tambarare ya Same

Bendera ni kata ya Wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare Kusini upande wa mashariki, kwenye barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani na Ndungu hadi Mkomazi. Huko, kama kwingineko Tanganyika, aliyekwenda gulioni zamani alitoka nyumbani na chombo chake: kikapu cha ukindu au miyaa, kibuyu, gunia. Nyama ilifungwa kwa jani la mgomba, baadaye kwa gazeti kuukuu. Kikapu kikichakaa kilirudi ardhini bila madhara.

Chombo kilichodumu kuliko vyote kilitoka ng'ambo. Mafuta ya taa yaliletwa katika madebe ya bati ya galoni nne, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Lilitekewa maji, likapimiwa mahindi na mpunga, likakunjuliwa kuezekea vibanda. Mafundi walilikata wakaunda koroboi na karai. Mpaka leo mkulima wa Same hutaja bei ya mahindi kwa debe, hata pale kipimo chenyewe kinapokuwa ndoo ya plastiki.

Tambarare hiyo ilizalisha pia malighafi ya vifungashio. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida ilisalimika 62 tu. Kilimo chake kilienea Tanga na kupanda hadi Ndungu, jirani na Bendera. Katani ilisokotwa kamba na kufumwa magunia. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha karibu tani 230,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki takriban 20,000. Utaifishaji na uendeshaji mbaya wa mashamba vilichangia, lakini pigo kubwa lilikuwa nyuzi za plastiki zilizoshusha bei ya katani duniani.

Plastiki hiyohiyo ikaja na sura nyingine baada ya biashara kulegezwa miaka ya 1980: mfuko mwepesi wa plastiki ambao watu waliuita rambo. Ulitolewa bure, na hapo ndipo desturi ilipovunjika, kwa kuwa mnunuzi hakuona tena sababu ya kubeba kikapu. Mifuko ikaziba mitaro, ikanasa vichakani, mifugo ikaimeza ikafa.

Serikali ilianza mwaka 2006 kwa kuzuia mifuko myembamba tu, hatua iliyozaa matunda haba. Zanzibar nayo iliipiga marufuku. Rwanda ilifuata 2008 na Kenya Agosti 2017. Tanzania Bara ilikataza mifuko yote ya plastiki ya kubebea kuanzia Juni 1, 2019. Anayekutwa nayo hutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000.

Gulioni ikaingia mifuko mbadala, ambayo kwa kanuni inapaswa kuwa na uzito wa angalau gramu 70 kwa mita ya mraba ili itumike tena na tena. Iliyo hafifu huchanika upesi, nayo mingi imetengenezwa kwa plastiki ileile iliyoangusha katani. Vifungashio vya vyakula na dawa viliachwa nje ya katazo, na wauzaji wakageuza baadhi yake kuwa vibebeo. Katazo limeondoa rambo, lakini halijamrudisha mnunuzi kwenye kikapu. Hilo anaweza kulifanya mwenyewe siku ya gulio: atoke nyumbani na chombo chake.