Kikokotoo ni cha nani?

Kila aliyekalia KCSE ya hesabu amekutana na lile sharti la vikokotoo: uje nacho, ila kiwe kimya na kiwe cha aina isiyoweza kuprogramiwa. Wengi wetu tulilipita tu. Kikokotoo kilikuwa kitu cha kutafuta logi na mzizi wa pili, kisha kinarudi kwa mkoba. Lakini hebu soma hayo maneno tena polepole. Ikiwa kuna kikokotoo kinachokatazwa kwa sababu kinaweza kuprogramiwa, basi kipo. Nani hukiprogramu? Na akishaanza, anaishia wapi?

Kuna vijana walioishia mbali sana. Walifuta kabisa mfumo endeshi uliowekwa na kampuni, wakaandika wao wenyewe kuanzia baiti ya kwanza. Nimekuwa nikifuatilia historia yao kwa miezi sasa, usiku, wakati bando ni rahisi. Niliacha chuo kabla ya kuhitimu, na mengi ninayoyajua kuhusu kompyuta nimeyapata hivi hivi, kwa kusoma kazi za watu ambao hawakutumwa na yeyote kuzifanya. Hii yao inatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kushika kikokotoo cha grafu.

Tuanze na chombo chenyewe. Kikokotoo cha grafu ni kile chenye skrini kubwa: unaandika mlinganyo, kinakuchorea mstari wake. Casio walitoa fx-7000G mwaka wa 1985, na Texas Instruments wakaja na TI-81 mwaka wa 1990. Huko Marekani vifaa hivi vilipata soko la uhakika pale mitihani ilipovikubali. SAT iliruhusu vikokotoo mwaka wa 1994, na kuanzia 1995 mtihani wa AP wa kalkulasi ulikuwa unakutaka uwe na cha grafu. Mzazi angefanya nini? Alinunua.

Ambacho wazazi wengi hawakujua ni kwamba wamenunua kompyuta. Ndani ya TI-83 Plus, iliyotoka mwaka wa 1999, kuna prosesa ya Z80. Hii ni prosesa ya mwaka wa 1976, ile ile iliyoendesha Pac-Man kwenye mashine za michezo na kompyuta ya nyumbani ya ZX Spectrum. Kasi yake humo ni megahezi 6. RAM ni kilobaiti 32, na mtumiaji anabakiziwa kama 24 hivi. Kumbukumbu ya kudumu, ile inayoitwa flashi, ni kilobaiti 512. Skrini ina vitone 96 kwa 64, basi. Picha moja uliyotumiwa kwa WhatsApp leo asubuhi haiwezi kuingia kwenye RAM hiyo. Hata hivyo ni kompyuta kamili, na ilikuwa ndani ya mikoba ya mamilioni ya wanafunzi waliokuwa wamechoka darasani.

Wa kwanza kupenya walitumia TI-85, kikokotoo cha mwaka wa 1992. Kampuni haikuwa imeweka njia yoyote ya kuendesha lugha ya mashine juu yake. Ulichoruhusiwa ni programu ndogondogo katika lugha rahisi ya kampuni, ambayo ilikuwa polepole ajabu. Lakini TI-85 ilikuwa na desturi moja nzuri: ungeweza kuhifadhi nakala ya kumbukumbu yake yote kwenye kompyuta kupitia waya, kisha ukairudisha. Wajanja wakachukua nakala hiyo, wakabadilisha anwani moja ndani yake, wakairudisha. Sasa ukibonyeza menyu fulani, prosesa inaruka hadi kwenye msimbo wao badala ya ule wa kampuni. Mwaka wa 1994 ujanja huo ukawa programu iitwayo ZShell, na michezo ikaanza kusambaa kutoka kikokotoo hadi kikokotoo, waya kwa waya, mwalimu akiwa ubaoni.

Texas Instruments hawakukasirika. Walifungua mlango kidogo. TI-83 ya 1996 ilikuja na amri ya kuendesha lugha ya mashine, na kufikia TI-83 Plus kampuni ilikuwa inatoa mwongozo kwa wanaoandika programu. Lakini mlango mmoja waliufunga kwa kufuli ya kweli. Kwa kuwa TI-83 Plus ilikuwa na flashi, mfumo endeshi wake ungeweza kubadilishwa kwa waya. Je, nani angeruhusiwa kuubadilisha? Kampuni peke yake.

Kufuli hiyo inaitwa RSA, na hesabu yake tunaweza kuielewa hata sisi. Chukua nambari tasa mbili, 89 na 97. Zizidishe: 8633. Dakika moja na kalamu. Sasa mtu akikupa 8633 peke yake na kukuuliza ilitokana na nambari gani mbili, utahangaika. Ongeza urefu wa nambari hadi tarakimu mia na hamsini na zaidi, na hata kompyuta inahangaika. Kampuni ilikuwa na zile nambari mbili za siri, na kwa hizo ilitia sahihi kila toleo la mfumo wake. Kikokotoo kilikuwa na ile nambari kubwa tu. Ukikipelekea mfumo mpya, kinakagua sahihi kwanza, na kama hailingani kinaukataa.

Nambari hiyo ilikuwa na urefu wa biti 512. Agosti 1999, mwaka ule ule TI-83 Plus ilipotoka, watafiti walioongozwa kutoka taasisi ya hesabu ya CWI kule Amsterdam walivunja nambari ya RSA yenye urefu huo huo. Waliunganisha mamia ya kompyuta na kutumia miezi kadhaa. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza kufuli ilikuwa inajulikana kuwa inavunjika. Ilibaki tu kungoja kompyuta za kawaida zipate nguvu.

Zilipata. Julai 2009, mwanachama mmoja wa jamii ya wapenzi wa vikokotoo, Benjamin Moody, alitangaza kwamba ameipata ile jozi ya TI-83 Plus. Alitumia kompyuta moja ya mezani yenye prosesa ya AMD, na programu za bure ambazo yeyote anaweza kupakua. Ilichukua takriban siku 73. Mimi hufikiria sana kuhusu hizo siku. Hakuna filamu hapo, hakuna mtu wa kofia nyeusi anayegonga kibodi. Ni kompyuta inayonguruma pembeni mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa tatu, na mtu anayekuja kuangalia imefika wapi. Habari ilipotoka, wenzake wakagawana kazi kupitia intaneti, kila mmoja akachangia kompyuta yake, na funguo za vikokotoo vingine vya familia hiyo zikapatikana katika wiki chache.

Hapo ndipo barua za mawakili zilipoanza kufika. Texas Instruments waliwaandikia watu waliochapisha nambari hizo wakitaka waziondoe, kwa kutumia sheria ya hakimiliki ya Marekani iitwayo DMCA. Fikiria hilo: unaambiwa nambari mbili tasa ni mali ya mtu. Oktoba mwaka huo shirika la EFF, linalotetea haki za kidijitali, lilisimama na wanablogu watatu. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria yenyewe inaruhusu kuchunguza kifaa ili uandike programu zinazofanya kazi nacho. Suala hilo halikufika mahakamani. Nambari bado ziko mtandaoni hadi leo.

Sawa, kufuli imefunguka. Sasa unaandika nini?

Hapa ndipo niliponasa kabisa, kwa sababu mfumo endeshi ni kitu tunachokitumia kila saa bila kukiona. Z80 inaweza kuona anwani 65,536 kwa wakati mmoja, yaani kilobaiti 64. Flashi peke yake ni 512. Utafanyaje? Unaigawa kumbukumbu katika kurasa za kilobaiti 16, na prosesa inaona nne tu kwa wakati mmoja. Ni kama kusomea kwenye meza inayotosha vitabu vinne wakati kabati lina zaidi ya thelathini. Mfumo wako ndio unaoamua kitabu gani kipanda mezani na kipi kishuke, na ole wako ukiondoa ukurasa ambao prosesa bado inausoma.

Kisha unataka programu mbili ziende pamoja. Prosesa ni moja. Basi unatumia saa iliyo ndani ya kikokotoo: mara nyingi kwa sekunde inamkatiza prosesa, mfumo wako unaandika pahali programu ya kwanza ilipofikia, unaiamsha ya pili, halafu unarudi. Ukisahau kuhifadhi rejista moja tu, programu ya kwanza inaamka na kichwa kisicho chake. Na Z80 haina ulinzi wowote kati ya programu. Moja ikiamua kuandika juu ya kumbukumbu ya nyingine, hakuna wa kuizuia. Baada ya hapo kuna kusoma kibodi, kuchora herufi kitone kwa kitone, kupanga faili ndani ya flashi, ambayo ina tabia yake: unaweza kuandika baiti moja, lakini kufuta ni lazima ufute eneo zima kwa pamoja.

Mfumo uliofika mbali zaidi katika vikokotoo hivi ni KnightOS. Aliuanzisha Drew DeVault akiwa bado mwanafunzi wa shule ya upili Marekani, na wengine wakajiunga. Msimbo wake ulikuwa wazi kwa wote, kerneli yake imeandikwa kwa asembli, unaendesha programu kadhaa kwa pamoja, na faili zake zimepangwa kwa folda kama kwenye Linux. Waliunda hata zana zao za kuutengenezea. Upande wa hesabu ulikuwa dhaifu, nao hawakuficha. Ukitaka kuchora grafu kwa ajili ya mtihani wa kesho, mfumo wa kampuni ulibaki bora. Leo mradi huo umelala.

Basi kuna faida gani, mtu ataniuliza, na kusema kweli nimeulizwa. Kikokotoo kisichokokotoa! Lakini DeVault aliendelea na kuandika programu huria ambazo watu wanazitumia kwenye Linux kila siku, kama Sway. Kwa miaka mingi kikokotoo kilikuwa kompyuta pekee ambayo kijana angeweza kuielewa yote, kutoka waya hadi skrini, bila kuomba ruhusa. Simu yako hakuna binadamu mmoja anayeielewa yote.

Kampuni nazo zina hoja, na tusiipuuze. Mtihani ni mtihani. Kikokotoo kikiweza kudanganywa kionyeshe kwamba kimefuta kumbukumbu wakati bado kina majibu, anayeumia ni yule mwanafunzi aliyesoma. Mwaka wa 2020 Texas Instruments waliondoa uwezo wa kuendesha lugha ya mashine kwenye TI-84 Plus CE, wakitaja usalama wa mitihani, na mwaka huo huo jamii ikapata njia ya kuurudisha. NumWorks, kampuni ya Ufaransa iliyoingia sokoni 2017 ikiwa imeweka msimbo wake wazi, nayo iliweka kufuli mwaka wa 2021. Ninachokataa ni hili: mtihani unachukua saa mbili au tatu. Kufuli inakaa miaka yote ya maisha ya kifaa, hata baada ya mwenye nacho kumaliza shule.

Na hapa ndipo jambo linaporudi kwetu. Nimewahi kutumia simu ya mkopo, zile za kulipa kidogo kila siku. Ukichelewa, inajifunga. Iliwahi kunifunga nikiwa nangoja ujumbe wa kazi. Sikupenda, lakini nilielewa: simu ilikuwa bado ya mwenye deni lake, na nilikubali hivyo nilipoichukua. Kufuli hiyo ina mwisho wake. Kikokotoo cha mwanafunzi wa Marekani kilikuwa kimelipiwa chote dukani, risiti iko, na bado kampuni ikasema nani anaweza kukiamuru.

Simu, runinga, hata pikipiki za umeme tunazoziona mjini, zote sasa zina programu ndani, na programu hiyo ina mwenye ufunguo. Fundi wa Luthuli anaweza kubadilisha skrini na betri. Akifika kwenye ufunguo, anasimama. Kwa hivyo kabla ya kununua kifaa kingine, pamoja na bei na warranti, muulize muuzaji swali moja zaidi: nikimaliza kulipa, nani ataamua kinachoendeshwa humu ndani? Wale vijana wa vikokotoo walilijibu wenyewe, kwa siku 73 na kompyuta moja ya mezani.