Nani Aliyempiga Risasi J.R. Ewing?

Usiku wa tarehe 21 Machi, 1980, watazamaji wa televisheni nchini Marekani walimwona tajiri wa mafuta, J.R. Ewing, akiwa peke yake ofisini mwake usiku, akipigwa risasi mbili na mtu ambaye uso wake haukuonyeshwa. Hapo mchezo ukakatika. Mchezo huo, uitwao Dallas, ulikuwa ukionyeshwa na shirika la CBS tangu mwaka wa 1978, na jawabu la swali la nani aliyepiga halikutolewa mpaka tarehe 21 Novemba ya mwaka ule ule. Miezi minane kamili watu walibaki wakibishana. Baadhi ya miezi hiyo ilikuwa mapumziko ya desturi; iliyozidi ililetwa na mgomo wa waigizaji, ulioanza Julai ukaisha Oktoba.

Mabishano hayo yamekwisha simuliwa mara nyingi kwa dhihaka, na kwa kweli hayakukosa mzaha. Huko Uingereza watu waliweka fedha zao kamari juu ya mtuhumiwa waliyemdhania. Katika Marekani, uliokuwa mwaka wa uchaguzi, wafuasi wa chama cha Republican walivaa beji zilizosema kwamba mpigaji alikuwa mtu wa Democratic. Lakini mtu akiyatazama vizuri maneno yenyewe, ataona kwamba wabishi hawakushindana sana juu ya ushahidi, maana ushahidi ulikuwa haba. Walishindana juu ya nia. J.R. alikuwa amemdhulumu karibu kila mtu aliyemkaribia. Mkewe, Sue Ellen, alitaka kumfungia katika nyumba ya wagonjwa. Cliff Barnes alirithi uadui wa koo mbili. Watu wa benki walikuwa wamefilisika kwa hila yake ya visima vya mafuta vya Asia. Kristin, dada yake Sue Ellen, alikuwa kimada wake, kisha akatupwa. Basi kumtaja mmoja wao kuwa ndiye muuaji kulikuwa ni kupima dhuluma zenyewe: ipi yaweza kumtia mtu bunduki mkononi, ya ndoa, ya mali, ya ukoo, au ya penzi?

Jambo ambalo wabishi hawakulijua ni kwamba wenye kuutunga mchezo nao walikuwa hawajui. CBS iliagiza sehemu zaidi ya zile zilizokuwa zimekusudiwa mwaka ule, na watungaji, wakitafuta mwisho wa kuzijaza, wakakata shauri J.R. apigwe risasi, mpigaji atatafutwa baadaye. Wako watakaosema kwamba kutafuta nia ya mtu ambaye bado hajachaguliwa ni kukimbilia kivuli. Mimi sikubali. Mtungaji alipoketi kuchagua, hakuwa na ghala nyingine ya kuchotea ila matendo yale yale waliyoyaona watazamaji, naye ilimlazimu kujiuliza swali lao. Alichowazidi ni haki ya kukata neno tu. Aliyechaguliwa ni Kristin, na usiku huo Wamarekani wapatao milioni 83 walitazama. Hata hivyo J.R. hakumpeleka mahakamani, kwa kuwa alidai ana mimba yake. Nia ya huyu nayo ikawa swali jipya.

Wanachuoni walichelewa kidogo kuyatia maanani mambo haya. Katika Uholanzi, Ien Ang alitangaza katika gazeti la wanawake liitwalo Viva kwamba yeye hupenda kuutazama Dallas, akawaomba wasomaji wamwandikie maoni yao. Alipata barua 42, na kwa hizo akatunga kitabu kilichotoka mwaka wa 1982. Aliona kwamba wengi walijua sana kuwa majumba yale na utajiri ule si maisha ya kawaida, walakini waliyaona majonzi ya Sue Ellen kuwa ya kweli kabisa.

Tamar Liebes na Elihu Katz walikwenda mbali zaidi. Katika Israeli waliwakusanya watu nyumbani kwao, mume na mke pamoja na rafiki na jirani zao, wakawaonyesha sehemu moja ya mchezo, kisha wakawataka waisimulie. Waliwachagua Waarabu, Wayahudi wa asili ya Moroko, wahamiaji wa Urusi na wakazi wa vijiji vya ujima viitwavyo kibbutz. Tena wakafanya vivyo hivyo na Wamarekani wa Los Angeles. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1990. Warusi walitafuta ujumbe ambao mtengenezaji alitaka kuupenyeza. Wamarekani na watu wa kibbutz walichambua nafsi za wahusika. Waarabu na watu wa Moroko waliifuata hadithi hatua kwa hatua, nani ni nani katika jamaa.

Katika sehemu moja Sue Ellen alimtoroka mumewe pamoja na mtoto, akaenda kukaa kwa aliyekuwa mpenzi wake na baba wa mpenzi huyo. Kundi moja la Waarabu lilisimulia kwamba amerudi kwa baba yake mzazi. Kosa hili si la macho, wala silioni kuwa la ujinga. Hata kwetu pwani mke aliyeudhiwa hurudi kwao, na ukimwona katika nyumba yenye mzee akimpokea na mtoto wake, ni nani utakayemdhania mzee yule kuwa? Wasimulizi wale walimpa Sue Ellen nia ambayo mke mwenye heshima angekuwa nayo, kisha wakaisahihisha nyumba ipatane na nia hiyo.