Lutuku, Kileo cha Mahindi Kilichonyimwa Pipa

Mjuzi wa wiski huuliza mambo mawili kabla hajainua glasi: imepikwa kwa nafaka gani, na imelala kwenye pipa la aina gani. Kwa lutuku, pombe kali ya Lubumbashi katika eneo la Katanga, Kongo, swali la kwanza lina jibu la kujivunia. Ni mahindi, mara nyingi yakichanganywa na muhogo. Mahindi ndiyo pia roho ya bourbon ya Kentucky, ambayo kwa sheria ya Marekani nafaka zake lazima ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51. Swali la pili halina jibu. Lutuku hutoka mtamboni ikiwa nyeupe kama maji, ikaenda moja kwa moja kwa mnywaji.

Kwa nini kileo cha mahindi cha Kentucky kipewe pipa, na cha Katanga kinyimwe? Sababu haitokani na udongo wala na mikono ya wapishi. Inatokana na sheria zilizoandikwa mbali sana na Katanga, nyingine kabla mji wenyewe haujazaliwa.

Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels kuzungumzia biashara ya utumwa yalikubaliana pia kuhusu pombe kali. Yalichora ukanda mkubwa juu ya ramani ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, na katika sehemu za ukanda huo ambako vileo hivyo vilikuwa havijafika yakakataza kuviingiza na kuvitengeneza. Katanga ilikuwa ndani kabisa ya mipaka hiyo. Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, ulianzishwa miaka 20 baadaye, mwaka 1910, reli kutoka Rhodesia ilipofika. Tarehe 10 Septemba 1919, mkataba wa Saint-Germain-en-Laye ulikaza kamba zaidi: ulipiga marufuku vile vileo vikali vya bei rahisi vya biashara, utengenezaji wa pombe kali wa kila aina, na hata kumiliki mtambo wa kuipikia, isipokuwa kwa kazi kama za maabara na dawa.

Hapo ndipo udhalimu ulipojificha. Mkataba uleule uliacha mlango wazi kwa vileo vya bei ghali kutoka Ulaya, mradi vilipiwe ushuru mkubwa. Chupa ya wiski ya Uskoti iliweza kuwekwa mezani kwa mhandisi wa Kizungu wa kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga bila mtu kuulizwa. Mama aliyepika mahindi yake nyuma ya nyumba alikuwa mhalifu.

Bia ilipata bahati nyingine. Katika miaka ya 1920 mji ulipata kiwanda chake cha bia, chimbuko la Brasimba ya leo, na chupa za Simba na Tembo zikaja kuwa fahari ya Katanga nzima. Kiwanda kina mlango mmoja, hesabu moja na mtoza ushuru mmoja, hivyo serikali inakipenda. Munkoyo, kinywaji cha mahindi kinacholainishwa kwa mizizi ya porini, nacho kilibaki nyumbani, maana hakina ukali wa kumtisha mtawala. Ni lutuku peke yake iliyosukumwa gizani.

Na gizani kuna namna yake ya kupika. Punje za mahindi huloweshwa hadi ziote, huanikwa na kusagwa kuwa kimea. Kimea hicho huchanganywa na uji na kuachwa uchachuke, kisha hutiwa ndani ya pipa la chuma juu ya moto. Mvuke hupita kwenye bomba linalopozwa kwa maji, ukadondoka tone baada ya tone. Ni kazi ileile ya Uskoti, hatua kwa hatua. Mpishi mzuri huyatenga matone ya kwanza, yenye harufu inayochoma pua, na huacha kukinga kabla ya yale ya mwisho yaliyo mazito na yenye ladha chafu. Mpishi mwenye haraka hukinga yote, na hapo mnywaji huumia. Hatari kubwa zaidi ni muuzaji asiye mwaminifu anayeongeza spiriti ya viwandani, kwa kuwa hakuna mkaguzi wa kumzuia.

Kuna jambo linalouma kuliko yote, nalo ni bomba. Mitambo ya wiski huko Uskoti hujengwa kwa shaba, kwa sababu shaba hushika harufu ya salfa inayozaliwa wakati wa kuchachuka na kuiacha pombe safi. Wahunzi wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimimina kuwa misalaba karne nyingi kabla ya mzungu kufika. Tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na katika miaka ya 1980 kampuni ya migodi ya Gécamines ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Hata hivyo, pombe ya mji huo imepita katika bomba lolote lililopatikana.

Kisha kampuni ikaanguka. Mgodi wake wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na kufikia 1994 uzalishaji ulishuka hadi takriban tani 30,000. Mishahara ikachelewa, halafu ikakosekana. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Katika Katuba, Kenya na Ruashi, vitongoji vya Lubumbashi, riziki ya nyumba ikahamia mikononi mwa akina mama na biashara zao ndogondogo: makaa, mboga, unga, na kwa baadhi yao lutuku. Kuwaita wavunja sheria tu ni kusahau nani aliyelipa ada za shule miaka hiyo.

Uskoti nayo ilipitia giza hilo. Wiski nyingi ya milimani ilikuwa ya magendo hadi sheria ya mwaka 1823 ilipopunguza gharama za leseni. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet alichukua yake, na majirani zake wapika magendo walimtishia hadi akawa anatembea na bastola. Baada ya hapo ndipo pombe ilipoweza kulazwa kwa miaka bila hofu ya kukamatwa. Muda wa chini kisheria wa kuilaza, miaka miwili kisha mitatu, ulikuja mwaka 1915 na 1916. Pipa la mwaloni lililohifadhi bourbon huipa wiski harufu ya vanila. Lililohifadhi divai ya sheri huipa ladha ya zabibu kavu. Hakuna anayeweza kungoja hayo huku akisikiliza hatua za polisi.

Majirani wamejaribu njia zao. Uganda ilipitisha sheria ya enguli, pombe kali ya kienyeji, mwaka 1965, wapishi wakatakiwa kuwa na leseni na kuuza kwa kiwanda, na waragi ya chupa ikazaliwa. Nchi ya Kenya iliruhusu chang'aa, pombe kali ya huko, mwaka 2010, kwa masharti ya leseni na vifungashio. Mafanikio yao hayajakamilika, lakini mpishi alipata walau anwani.

Wanaodai kwamba joto la Afrika haliwezi kuzeesha kileo wajibiwe na Amrut ya Bangalore, iliyozindua wiski yake ya kimea huko Glasgow mwaka 2004, na Kavalan ya Taiwan, iliyoanza kupika mwaka 2006. Penye joto pombe hukomaa upesi, ingawa sehemu kubwa zaidi hupotea hewani. Lubumbashi, iliyo mita 1,200 hivi juu ya bahari na yenye baridi ya Juni na Julai, ina hali ya hewa ya upole kuliko maeneo hayo.

Mapipa yapo pia. Bourbon hulazwa katika mwaloni mpya uliounguzwa ndani, kwa hiyo Kentucky huuza yaliyotumika kwa maelfu kwenda nchi za nje. Malori ya shaba hupita mpaka wa Kasumbalesa kila siku kuelekea bandari za Dar es Salaam na Durban, na hurudi na mizigo. Kabla ya pipa la kwanza kupakiwa, vinatakiwa leseni ambayo mama wa Katuba anaweza kuilipia, kipimo cha kilevi, na bomba la shaba.