Sotoka Ilikwisha, Hirola Hawakurudi

Awowe hakuwahi kuniambia hirola walikuwa wangapi. Alisema tu kwamba zamani ukitoka Bura kuelekea Masalani na ng'ombe, ulikuwa unawakuta malishoni, wamechanganyika na mifugo kana kwamba nao wana mwenyewe. Mimi nimekulia hapa hapa na sijamwona hata mmoja.

Miaka ya 1970 walikadiriwa kuzidi 10,000 kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia. Leo hawafiki 500, duniani kote.

Kabla sijaacha chuo (karo, hadithi ndefu) mwalimu alituchorea mstari unaopanda kama herufi S. Wanyama huongezeka polepole, kisha mbio mbio, halafu chakula na nafasi vinawabana na mstari unalala. Ukiondoa kilichowapunguza, alisema, watapanda tena. Nikaandika, nikaamini.

Basi, sotoka iliingia huku kati ya 1983 na 1985, ikaua ng'ombe na hirola. Sawa. Lakini ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Mbona hirola hawakupanda?

Sehemu kubwa ya jibu iko kwa ndovu. Majangili waliwapiga vibaya miaka hiyo hiyo ya 1970 na 1980, na ndovu ndiye aliyekuwa akiangusha miti na kuuacha uwanda wazi. Alipoondoka, vichaka vikafunga. Hirola ni mla nyasi. Majani ya miti hayamsaidii kitu. Nyasi zilizobaki anagombania na ng'ombe wetu, na hili wazee hawapendi kulisikia. Halafu kichakani simba anajificha vizuri zaidi. Kwa hiyo ule mstari wa juu wa S, ambao mwalimu aliuchora umenyooka, huku kwetu ulikuwa unashuka na hakuna aliyeuona.

Mwaka 2012 jamii ya Ishaqbini, kule Ijara, ilizungushia ua kipande cha ardhi. Hirola 48 wakawekwa ndani, simba na mbwa mwitu wakabaki nje. Miaka michache baadaye walishapita 100. Kuzaa wanajua, basi. Ila Arawale, hifadhi iliyotengwa kwa ajili yao tangu 1974, haina ua.

Binamu yangu ni mmoja wa vijana wanaolipwa sasa kukata miti na kupanda nyasi. Juzi alinionyesha malengelenge ya panga viganjani. Nikamwambia kazi hiyo ndovu alikuwa akiifanya bure. Hakucheka.